Sikio la Mama Domo

Birika ndilo lililotangulia kuonekana. Lilikuwa birika la saruji, kimo chake kama nyumba ya ghorofa moja, limepakwa rangi ya buluu, nalo lilisimama kando ya barabara kuu mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine cha kutazama ila nyasi. Muuza chai aliyepangishwa tumboni mwake alikuwa na sharti moja: kila gari lilipochomoza kwenye kona, achome majani mabichi ili moshi utoke mdomoni mwa birika, wasafiri washangae, washuke.

"Mama, tazama!" alisema mwana aliyekuwa akiendesha, akapunguza mwendo. "Hilo ni la Baba."

"Naliona. Linaungua."

"Haliungui, Mama. Ni moshi wa majani. Baba alilijenga hivyo ili—"

"Mwanangu, mimi nimekulea kwa moshi wa kuni. Nikiuona moshi naujua. Endesha."

Mkaza mwana, aliyeketi mbele kando ya mumewe, aligeukia dirishani akauma mdomo asicheke.

Mama alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, wala mgongo wake haukugusa kiti. Alikuwa fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya uvivu. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheupe, akakishusha upande wa kushoto hata kikafunika sikio lote. Ndivyo alivyokifunga wakati wa joto na wakati wa baridi, nyumbani na ugenini, watoto wake wakakua wakidhani kichwa cha mama yao hakina umbo jingine.

Waliulizia sikio hilo mara moja tu, wakiwa wadogo. Aliwaambia kwamba hereni yake ilinasa kwenye msumari wa mlango wa jikoni, ikachana nyama. Wakaamini, kwa kuwa mtoto humwamini mama yake kabla hajajua kwamba kuna kutoamini. Lakini msumari haukuwapo. Ulikuwapo mkono wa baba yao. Siku chache baadaye mwanamume huyo alikusanya miko yake ya uashi na ndoo zake, akaondoka, asirudi. Mama akabaki na watoto, na cherehani, na uongo. Na vyote vitatu alivitunza vizuri. Aliwaambia watoto kwamba baba yao ni mtu mwema aliyeitwa na kazi mbali. Hakutaka wakue wakiidharau nusu ya damu yao.

Mwaka uliopita habari za kifo zilifika kwa midomo ya watu, nao walimtaja marehemu kwa jina ambalo nyumbani halikupata kusikika: Fundi Maajabu. Mwana, ambaye kazi yake ni kupima ardhi, alikwenda mazikoni peke yake, akarudi macho yakiwaka. Kumbe baba yake alikuwa ameijaza barabara nzima vitu ambavyo wasafiri hushuka kuvipiga picha! Mtoto aliyekua bila baba akapata baba wa saruji, mkubwa kuliko baba wa mtu yeyote. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Alichora ramani ya kazi zile, akazitembelea moja moja, akafanya urafiki na waliozitunza. Na sasa alikuwa amechongesha kibao cha shaba cha kuwekwa kwenye kazi kubwa kuliko zote, iliyokuwa mwisho wa safari hii. Mama ndiye angekifunua.

"Kimeandikwaje?" Mama aliuliza, ingawa alikwisha kuambiwa.

"Jina lake lote. Kisha: mume mwema na baba mwema, aliyewafurahisha wasafiri."

"Mume mwema."

"Maneno yako, Mama. Si wewe uliyetuambia hivyo siku zote?"

Mama aliusogeza mkoba mapajani. Alikuwa amekubali kuja kwa sababu kuvuta pazia ni kazi ya mkono, si ya moyo, na mkono wake ulizoea kufanya kazi moyo ukiwa kwingine. Uongo aliobeba muda wote huo aliona anaweza kuubeba hatua moja zaidi, mpaka kwenye shaba, kisha autue.

"Tena huko kuna jambo la kukushangaza," mwana aliongeza. "Sikuambii."

"Sina haja ya kushangazwa. Nina haja ya kufika."

"Hili utalipenda."

Walipita kiatu. Kilikuwa kiatu cha saruji kikubwa kama lori, kamba zake zikiwa kamba za kufungia mizigo, na watoto wa wasafiri wakiteleza kutoka kisiginoni hadi kidoleni.

"Kimoja tu?" Mama aliuliza.

"Kimoja, Mama."

"Ndiye yeye. Hakupata kumaliza jozi ya kitu chochote."

Mwana alicheka kwa furaha, akidhani mama yake ameanza kuchangamka. Mkaza mwana hakucheka. Alimtazama mkwewe katika kioo kidogo cha gari, akatazama na kile kitambaa, kisha akainamisha macho.

Nyumba iliyopinduliwa ilikuwa karibu na kituo cha mafuta, nayo ilisimama kama jina lake: paa ardhini, msingi juu, ngazi za mlangoni zikielekea mawinguni. Aliyeingia alitembea juu ya dari, huku meza na viti vikining'inia juu ya kichwa chake, vimefungwa kwa vyuma. Vijana wa kike walikuwa wakipigana picha humo, kisha wakizigeuza zionyeshe kana kwamba wao ndio wanaoning'inia, na kila picha iliamsha kicheko.

Mama aliingia, akasimama. Akainua uso.

Ilikuwa rafu ya sufuria tatu, ya katikati ikiwa haina mkono. Lilikuwa dirisha la vioo vinne, kimoja kikiwa kimezibwa kwa bati. Ilikuwa meza ambayo mguu wake mmoja umeungwa kwa ubao wa rangi nyingine. Na aliyekata ubao ule alikuwa Mama mwenyewe, kwa msumeno wa kuazima, kwa kuwa mumewe alikuwa hajaonekana tangu majuzi.

"Unapajua hapa?" mwana alimnong'oneza, akitabasamu kama anayemkabidhi zawadi.

"Napajua."

"Jikoni kwetu! Kila kitu kipo, Mama. Fikiria mtu aliyekaa mbali hivyo, akakumbuka mpaka bati la dirisha! Kitu kimoja tu amesahau. Nimekitafuta kila pembe." Akaupapasa mlango, uliokuwa umewekwa kichwa chini miguu juu kama vitu vyote vingine. "Msumari. Ule uliokuchana."

Mama aliutazama mlango. Mbao zake zilikuwa laini kutoka juu hadi chini.

"Hakusahau," alisema.

"Nini?"

"Nimesema hakusahau. Twende."

Alitoka akatangulia kwenye gari. Yule mtu, aliyemdanganya kwa mdomo kila siku aliyoishi naye, kumbe alipochukua saruji hakuweza kudanganya! Asingeweza kutengeneza msumari ambao haukuwapo. Lakini si hilo lililomuuma Mama. Waliomuuma ni wale vijana. Katika chumba kile alipika akiwa na njaa ili wengine wale. Katika chumba kile alishona sare za watoto wa watu mpaka taa ikaisha mafuta. Na leo watu wasiomjua wanatembea juu ya dari yake kwa viatu, wakicheka. Hasira ikaanza kumpanda kama maji yapandavyo katika ukuta wa udongo: bila kelele, kutoka chini.

Kabla ya jua kuwa la utosini, walifika.

Basi la abiria lilikuwa limesimama, na watu wake wameshuka kujinyosha. Viti vilikuwa vimepangwa, na mbele ya viti, juu ya nguzo fupi, pazia jekundu lilifunika kibao. Nyuma ya nguzo kilikuwapo kichwa cha mwanamke. Kidevu chake kilikaa ardhini. Nywele zake za saruji zilipita miti. Midomo yake ilikuwa mlango mwekundu, wazi kabisa, na ulimi wake ulikuwa ngazi. Kati ya meno ya mbele palikuwa na mwanya ambao mtu mnene angepita kwa shida. Chini ya jicho la kulia palikuwa na kidoti cheusi, kikubwa kama sinia.

Mama alikipeleka kidole polepole chini ya jicho lake mwenyewe.

"Ndiyo!" alisema mwana, sauti ikimtetemeka. "Ni wewe, Mama! Ndilo jambo nililokuficha. Alikupenda mpaka akakujenga. Ona, hata sikio lako!"

Sikio la kushoto la kile kichwa lilikuwa wazi, bila kitambaa. Ndewe yake ilikuwa imepasuka vipande viwili, na kwenye ufa huo wageni walikuwa wamening'iniza kofia na utepe na kiatu cha mtoto.

Kabla Mama hajafungua kinywa, kipaza sauti kilikoroma. Mtunzaji wa mahali pale alikuwa amepanda juu ya kiti. Walimwita Kasuku, kwa kuwa alikuwa na hotuba moja tu, aliyofundishwa na Fundi Maajabu mwenyewe, naye aliikariri kila basi liliposimama, bila kupunguza neno wala kuongeza.

"Mabibi na mabwana, msisukumane, mdomo ni mpana, utawatosha! Huyu ndiye Mama Domo! Fundi alikuwa mumewe. Akasema, mke huyu akianza kuuliza, kuku hulala wakaamka! Alipochoka akakimbia, akaja kumjenga hapa, ili ninyi ndio mseme ndani yake, naye anyamaze! Ingieni, mpige kelele kama yeye. Alikuwa akisemaje? Umetoka wapi?"

"Umetoka wapi?" walipokea watu, na baadhi yao wakakimbilia mdomoni, wakapanda ulimi, wakapiga ukelele gizani. Kichwa chote kikavuma: wapi, wapi, wapi.

Mama alisimama asitikisike. Swali lile lilikuwa lake. Aliliuliza mara moja tu maishani mwake.

"Na sikio hili, watu wangu!" Kasuku aliendelea, akinyoosha fimbo. "Mnaliona lilivyopasuka? Fundi alilivuta ili lisikie! Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu—"

"Huvunjika guu!" watu wakaitikia.

"Huyu alichanika sikio!"

Kicheko kikapasuka. Na katika kicheko hicho Mama alisikia kicheko kimoja anachokijua, karibu na bega lake. Mwanawe alikuwa amecheka. Alicheka kwa mazoea, kama mtu aitikiavyo wimbo ambao ameuimba mara nyingi. Kisha akamwona mama yake anamtazama, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Maneno haya uliwahi kuyasikia?" Mama aliuliza.

"Mama, ni utani tu. Utani wa Baba. Kasuku huusema kila—"

"Nimekuuliza, uliwahi kuyasikia?"

"Mara nyingi."

"Na ukacheka."

"Kila mtu hucheka, Mama."

Mama akampa mkaza mwana mkoba amshikie. Akapita kati ya viti, akaenda mpaka kwenye nguzo yenye pazia jekundu. Watu wakadhani ndiye mgeni wa heshima, wakaanza kupiga makofi. Hakuligusa pazia. Aliinua mikono yote miwili kichwani, akafungua fundo la kitambaa, akakivua.

Makofi yalikatika hapa, yakaendelea pale, kisha yakakoma. Sikio la kushoto la mwanamke yule lilikuwa limepasuka vipande viwili, cha mbele kirefu kuliko cha nyuma. Watu wakalitazama, wakainua macho kwa lile la saruji, wakayarudisha tena. Kasuku alisahau kuzima kipaza sauti, na pumzi zake zikasikika uwanja mzima.

"Ni yeye," alisema mama mmoja wa kwenye basi. "Jamani, ni yeye mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyeuliza," alisema Mama. Hakupaza sauti, bali alisimama karibu na kipaza sauti, na kila neno likawafikia. "Sikupiga kelele. Nilikuwa nimebeba mtoto mwenye homa, na fedha ya dawa baba yake alikuwa ameondoka nayo tangu asubuhi. Alipoingia nikamwuliza: umetoka wapi? Akanishika hereni, akavuta. Sikuuliza mara ya pili. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kuzuia damu. Mtoto ndiye yule pale, aliyeiandaa sherehe hii."

Hakuna aliyecheka. Kijana aliyekuwa bado ndani ya mdomo alitoka akishuka ulimi kwa ncha za vidole.

Mwana alikuwa amegeuka rangi. "Ulituambia msumari," alisema. "Mama, wewe ndiye uliyetuambia! Mimi ningejuaje?"

"Ndiyo. Niliwaambia msumari ili mpate kuwa na baba. Sikuwaambia mmcheke mwanamke aliyechanwa sikio! Hata kama asingekuwa mama yako. Hata kama angekuwa wa saruji tupu! Mtu anakuambia kwa kinywa kipana kwamba mume alimvuta mkewe mpaka nyama ikakatika, nawe unasema utani? Niliwaficha ukweli. Macho sikuwaficha. Masikio sikuwaficha. Baba yako nilimjua, wala sikungoja jema kwake, hai wala maiti. Kwako wewe nililingoja."

 Mwana akatazama huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu, macho yakatua kwenye ndoo ya saruji mbichi iliyobaki baada ya nguzo kupigwa lipu asubuhi hiyo. Akainyakua pamoja na mwiko, akaiegemeza ngazi kwenye shavu la kile kichwa, akapanda haraka, machozi yakimtoka, akaanza kung'oa zile kofia na tepe na kuzitupa chini.

"Unafanya nini?" Mama aliita.

"Naliziba, Mama! Leo hii naliziba, asilione mtu tena!"

"Shuka!"

"Mama—"

"Shuka, nasema! Kulificha nimelificha mimi tangu hujaota meno, na mavuno yake ndiyo haya. Unataka kunifunga kitambaa cha pili? Hilo ndilo jambo pekee la kweli alilowahi kulisema mtu yule. Liache."

Akashuka. Saruji ilimtiririka kwenye viatu vyake vya sherehe. "Basi unataka nifanye nini?" aliuliza, naye sasa sauti yake ilikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyenyang'anywa baba mara ya pili. "Niambie, Mama. Niibomoe barabara nzima?"

"Kibao."

Mwana hakusogea. Ilikuwa kama ameambiwa akafukue kaburi. Mkaza mwana ndiye aliyekwenda kwenye gari, akarudi na bisibisi, akaiweka kiganjani mwa mumewe, akamfungia vidole vyake juu ya mpini. Mwana akapiga magoti mbele ya nguzo. Pazia lilidondoka lenyewe, likafunuka lile jina lote, na chini yake yale maneno: mume mwema na baba mwema. Watu walio karibu wakayasoma, wakatazama pembeni kama watu waliofungua mlango wa chumba kisicho chao. Parafujo zilikuwa mpya, nazo hazikutoka kwa urahisi.

Kasuku aliteremka kwenye kiti akamsogelea Mama, kipaza sauti amekikumbatia kama mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mimi nilisema nilivyofundishwa. Marehemu alisema tusibadilishe neno."

"Nimeona hujabadilisha."

"Sasa nitasemaje, Mama? Watu hulichungulia sikio kwanza. Kabla sijafungua mdomo wameshauliza."

"Wakiuliza lilichanwa na nini, uwaambie lilichanwa na nani. Umtaje kwa jina lake lote, kama mlivyotaka kumwandika kwenye shaba. Na lile swali usiliseme kama la kichaa. Lilikuwa swali la haki, na halijajibiwa mpaka leo."

Kasuku alijikuna kisogo. "Hawatacheka, Mama."

"Basi wasicheke! Nani alipitisha kwamba msafiri lazima acheke kila anaposhuka kwenye basi?"

Kibao kilitoka. Mwana alikibeba mpaka kwenye gari, akakilaza kwenye buti, maandishi yakielekea chini, akafunika. Hakuna aliyewaaga, ila yule mama wa kwenye basi, aliyekuja mpaka dirishani, akamshika Mama mkono, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Walirudi kwa njia ileile, maana hapakuwa na nyingine. Mama alikaa kiti cha nyuma kama alivyokuja, mgongo haujagusa kiti. Kitambaa cheupe alikikunja mara nne kwa ustadi wa fundi, akakitazama, kisha akakiweka kwenye kiti akakikalia. Dirisha lilikuwa wazi, na upepo ulimpiga sikioni, nalo halikuwa limezoea, liliuma kidogo. Nyumba iliyopinduliwa ilipita. Kiatu kilipita. Mwana aliendesha macho yakiwa barabarani tu, kama mtu anayepima ardhi asiyotaka kuinunua.

Muuza chai aliliona gari kwenye kona, akakimbilia majani yake. Moshi ukafuka, mwingi, mweupe, ukatambaa juu ya barabara.

Mwana akapunguza mwendo. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "tupumzike hapa? Unywe hata chai?"

Mama alilitazama lile birika kubwa likitoa moshi bila kuchemsha kitu.

"Endesha," alisema.